Pikapu ya Baba Pacha

Pale gereji walishamchoka Baba Pacha, ingawa walimpenda.

"Kaja tena!" mnyoosha bodi akapaza sauti, nyundo mkononi. "Mzee, ni gari linalotikisika au ni wewe unayetetemeka?"

"Ni gari, mwanangu. Likishika sabini tu, makalio yangu yanajua."

Wakacheka mpaka basi. Shida ni kwamba kila wakilijaribu, gari linateleza kama limepakwa mafuta. Fundi Sikio, aliyepewa jina hilo kwa kusikia ubovu kabla hajashika spana, hushika usukani, mwenye gari pembeni, na mafundi wote nyuma wakipiga soga, maana safari ya majaribio pale gereji haachwi mtu. Gari kimya. Baba Pacha akishaondoka peke yake, mtikisiko huo, unampanda kutoka sakafuni hadi kwenye meno. Tairi zilishabalansiwa, krosi, vile viungio vya propela, zilishabadilishwa, wapi!

Mnyoosha bodi akaanza kunong'ona kwamba mzee anatafuta watu wa kuongea nao tu. Maneno hayana miguu lakini hufika. Yalimchoma Baba Pacha kwa sababu hayakuwa uongo mtupu: nyumbani kwake kulibaki vyumba vitupu na mngurumo wa friji. Lakini hata mpweke gari lake huharibika.

"Kama hamniamini," akasema siku hiyo, wote wakiwa wameshapanda garini, "sirudi tena."

Fundi Sikio akamtazama, akafuta mikono. "Shukeni nyote. Na wewe, mzee wangu."

Akaondoka peke yake. Aliporudi hakuwa na mzaha. Akaingia uvunguni mwa gari, akatoka na vumbi usoni.

"Nani alilinyanyua hili?"

"Mimi, zamani. Pacha, mama yao, wapangaji, magunia, majirani wakiugua, wote humo humo. Nyuma ilikuwa inaburuza. Nikatia vyuma juu ya ekseli, nikaongeza na springi."

"Basi ndiyo hiyo. Likiwa tupu linatunisha mgongo kama paka. Propela, hilo bomba linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inakunjika vibaya kwenye krosi. Sisi tukipanda, nyuma inashuka, inakaa sawa. Kumbe tulikuwa tunalitibu kwa uzito wetu!"

Mnyoosha bodi akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

"Tuvitoe hivyo vyuma, lishuke," Fundi Sikio akasema. "Kwani siku hizi unampakia nani?"

Baba Pacha akatazama nyuma ya gari. Mama Pacha alishatangulia mbele ya haki. Pacha wenyewe hupiga simu sikukuu, kila mmoja kutoka nchi yake, tutakuja baba, mwakani tutakuja na watoto.

"Usivitoe. Hakuna dawa nyingine?"

"Ipo kabari. Naipachika kwenye ekseli, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inainua pua, propela inanyooka. Utaendesha peke yako raha mstarehe. Ila siku ukijaza watu litatikisika. Usije ukasema sikukuambia."

"Siku hiyo acha litikisike."

Kabari ikapachikwa. Baba Pacha akaenda zake: sabini, themanini, gari tuli. Alipofika getini kwake akazima injini, akabaki amekaa. Gari limepona, na sasa hakuwa na hata cha kumlalamikia mtu.