Pishi Mbili

Bi Povu alikuwa akisugua doa la mchuzi kwenye shuka la hoteli wakati paka wa chini alipojifungua kando ya mfereji wa maji machafu. Alitupa jicho, akasema hongera mama, akarudi kwenye doa lake, kwa sababu doa la mchuzi likishapoa halina adabu. Watoto wa paka walikuwa na utando katikati ya vidole, kama bata. Hilo halikuwa jipya. Mama yao alikuwa nao pia, ila mfupi zaidi, na bibi yao alikuwa na dalili tu.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha, na maji yalifika vifundoni tangu asubuhi mpaka taa zinapozimwa. Juu yake palikuwa na ghorofa ya kukaushia na kupigia pasi, na joto la huko lilikausha mate mdomoni kabla mtu hajameza. Mashuka yaliyofuliwa yalipandishwa kwa kapu la kamba kupitia tundu la darini. Watu walikuwa na ngazi. Katikati ya ngazi palikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na kufuli.

Kufuli lilikuja hivi. Zamani wa chini na wa juu walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja pale ngazini, kila mtu na bakuli lake. Katika kula na kuchekana wakagundua kwamba wa chini wanahitaji viatu vya mpira na wa juu wanahitaji feni, wakaenda kwa meneja kundi zima kuomba. Meneja aliwasikiliza kwa upole, akasema watu wakila pamoja hupata maneno. Kesho yake fundi akaleta kufuli. Nje nako hakukuwa na pa kwenda. Walikula humo, walilala humo, na lango kubwa lilifunguliwa kwa ajili ya gari la mashuka tu. Aliyeingia ndio ameingia.

Kufuli lilipofungwa, binti wa Bi Povu alikuwa juu akipiga pasi, na mchumba wa binti, kijana mkamua mashuka ambaye wote walimwita Kamua, alikuwa chini. Harusi ilikuwa imebakiza gauni tu. Bi Povu alisema mlango ni ubao, na ubao huoza. Mwanangu atateremka ngazi hizi, na mimi nitamkabidhi kwa mkono wangu. Akangoja. Alikuwa na subira ya mtu anayejua kuloweka.

Walioanza ni paka, maana paka huzaa upesi. Walikuwa ukoo mmoja, wakipanda na kushuka wapendavyo, mpaka mlango ukawakata katikati bila kuwauliza. Huko chini panya walikuwa wa mfereji. Paka aliyezaliwa na vidole vipana kidogo aliwakamata, akashiba, akazaa wenye vidole vipana. Mwenye vidole vya kawaida alilala njaa, na wanawe hawakuonekana. Huko juu mwenye manyoya mengi alizimia kwa joto, mwenye manyoya machache akaishi, akazaa wenye manyoya machache zaidi. Hakuna paka aliyekata shauri kubadilika. Kila mmoja alizaliwa na katofauti kake, mahali ndipo pakachagua. Haba na haba hujaza kibaba.

Watu ingewachukua vizazi hata mtu achoke kuvitaja, lakini jengoni humo kila kitu kilitakiwa haraka, na watu hawakungoja kuzaliwa upya. Bi Povu aliona utando kwanza mkono wa kushoto, akaona unafaa kuzoa povu. Masikio ya Kamua yalijifunza kujifunga akiinama sinkini. Jirani wa sinki la pili alimuuliza Bi Povu, kwa mikono hiyo shoga yangu pete utavalia wapi? Bi Povu akamwambia aliyemvisha pete alishatangulia, na pete yenyewe imemezwa na utando, kwa hiyo wote wawili wamepumzika.

Habari za juu walizipata kwa kapu. Bi Povu alipandisha kitana cha binti yake, kikarudi, kwa kuwa huko nywele zilikuwa zimekwisha. Siku nyingine ikashuka ngozi ya kiganja, kavu, imevuliwa nzima kama soksi. Aliitambua kwa kovu la utotoni, lile la kifuniko cha sufuria. Akaitia mfukoni, unyevu ukaila.

Kilichobaki ni salamu. Kila asubuhi binti aliinama kwenye tundu la kapu akaamkia shikamoo mama, na mama akaitikia marahaba mwanangu. Lakini juu maneno marefu yaliwapasua midomo, wakayapunguza. Shikamoo ikawa shkamo, ikawa kamo, ikawa ks. Chini maji yalipiga kelele, na asiyevuta sauti hakusikika. Marahaba ikawa maraaha, ikawa raaa, ikawa mvumo kama wa bomba lenye hewa. Kila upande ulisema ni wale wengine wanaoharibu lugha. Asubuhi moja Bi Povu alisikia ks kutoka tunduni, akadhani ni pasi. Hakuitikia. Asubuhi iliyofuata mama aliitikia, binti naye akasikia bomba likivuma, akangoja jibu, akaenda zake kazini. Baada ya hapo kila mmoja alijua mwenzake amenuna.

"Mwanangu kaota kiburi," alisema Bi Povu.

"Labda kapata mwingine, mama," alisema Kamua. "Huko juu wote wamenyooka."

Sasa, siku hiyo ya paka na doa la mchuzi, mlango ulifunguliwa. Mgeni wa hoteli alikuwa amekuta gamba ndani ya shuka lake, na hoteli ikaandika malalamiko, kwa hiyo meneja akaja na daktari wa kampuni. Daktari alimbeba paka dume wa chini mpaka kwa majike wa juu. Wakanusana kidogo, kisha kila mmoja akapita njia yake, kama kuku na kiti.

Daktari alirudi ngazini akinawa mikono. Wa chini walikuwa wamesimama vidato vya chini, wa juu vidato vya juu, na meneja katikati, akishika funguo.

"Hizi ni spishi mbili," alisema daktari.

"Pishi mbili za nini?" Bi Povu aliuliza. "Mchele au mahindi?"

Ilibidi avute sauti, na daktari ilibidi amtake arudie. Kisha akamweleza bila kucheka. Spishi, mama. Aina. Walikuwa aina moja, wakatengwa, kila upande ukajikusanyia mabadiliko yake madogo madogo, na sasa hata wakikutana hawatakani, na wakitakana hawazai. Akasema hivyo akiwatazama paka, kisha akawatazama watu, na hakubadilisha maneno.

Bi Povu alifikiri. Vibaba vinne hufanya pishi, hilo alilijua tangu utoto.

"Kibaba cha mwisho kilijaa siku gani?"

"Siku yenyewe haionwi na mtu, mama."

Meneja alifurahi. Alisema basi kufuli ni gharama ya bure, akalitia mfukoni, akatangaza mlango uko wazi na asije mtu akasema amefungiwa. Jirani wa sinki la pili akakumbusha viatu vya mpira. Meneja akaitazama miguu yao, akasema viatu vitawabana. Feni nazo, akasema, zitawaua wa juu kwa baridi.

Binti aliteremka. Kovu lilikuwa limeondoka na ngozi, lakini Bi Povu alimjua kwa jinsi alivyoshika kiwiko chake, kama zamani akiwa amekosa. Binti akapiga magoti kidogo, akasema ks. Bi Povu alisikia mvuke. Akafungua kinywa kumwita, na binti akageuka kutafuta bomba. Mama akamshika mkono amkabidhi. Mkono mkavu ulinyonya maji ya mkono mbichi, mkono mbichi ukauunguza mkavu, wakaachana wote wawili kwa pamoja. Kamua alimtazama mchumba wake kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mbuzi wa jirani, akampisha apande. Hakuna aliyelia. Wa juu hawakuwa na maji ya kutosha, na wa chini hata wangelia isingeonekana.

Pishi mbili za mchele ukizimwaga sakafuni huchanganyika, usijue ipi ilikuwa ipi. Bi Povu aliliwaza hilo akishuka.

Kengele ya kazi ikalia, kila upande ukarudi kwake. Mlango ulibaki wazi, ukipigapiga, na upepo mkavu kutoka juu ukaanza kuwachoma wa chini kwenye utando.

"Kaufunge," Bi Povu alimwambia Kamua.

Kamua akapanda, akaurudishia. Juu ya ubao wa kufulia shuka la hoteli lilikuwa linangoja, na doa lilikuwa limeshapoa.