Ndimu Kumi na Mbili

Jumanne ile Eleuteria Lazo aliingia darasani amevaa miwani ya jua, nyeusi tititi, ingawa jua lenyewe lilikwisha kuzama nyuma ya mlima na kijiji kizima kilikuwa kinaanua sufu uani.

“Karibu, mwanamuziki!” Wulfrano alimpokea. Alikuwa mwashi mstaafu wa miaka sabini na moja, na kompyuta yake ilikuwa jirani na ya Eleuteria. “Tarumbeta umeliacha wapi?”

“Nimemwachia mkeo. Kasema amechoka kukuamsha kwa mdomo.”

Darasa zima lilicheka, wote saba, na mwalimu Zenaida pia. Eleuteria alikaa taratibu. Hakucheka. Alikuwa amekuja kuaga.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alimwota marehemu mama yake, Casilda, amesimama mtoni akisuuza sufu. Rangi ilikuwa ikitoka kwenye sufu na kugeuka herufi, na herufi zilielea juu ya maji zikienda na mkondo, polepole, kama petali baada ya maandamano ya mtakatifu. Eleuteria alikuwa akikimbia ukingoni akijaribu kuzisoma. Hakuipata hata moja. Mama yake hakumtazama.

Casilda alikuwa ameacha mapishi ya rangi ishirini na matatu, yote kichwani. Wajukuu wengi walikwenda kaskazini wakajifunza kazi nyingine. Alibaki Eleuteria, aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na tisa, na akifa yeye, mapishi yamekufa. Maktaba ya kijiji ilipofungua masomo ya jioni ya kompyuta, alipiga magoti akamshukuru Mungu, kwa maana aliona mlango umefunguliwa. Katika miezi mitatu alikuwa ameandika mapishi manne.

Lakini ule ukurasa mweupe! Ulikuwa kama ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, unaoutazama saa sita mchana. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kutanda machoni mwote mawili, na zamu yake ya kupasuliwa hospitalini ilikuwa mwakani. Mwanga ulipoingia ulitawanyika, na herufi zikawa kama sisimizi walioangukia maziwa.

Wiki iliyopita alimpa mpwa wake karatasi iliyochapwa, pishi la nyekundu ya wadudu wanaoishi kwenye mpungate, ile kakti. Mpwa alifuata maneno kama yalivyoandikwa. Sufu ilitoka na rangi ya maini. Karatasi ilisema ndimu mbili, na Casilda maisha yake yote alikamua kumi na mbili. Ile 1 ya mbele ilimponyoka Eleuteria, na hakuiona kama haipo. Alilia siku ile, wala si kwa ajili ya sufu. Alielewa kwamba kitabu chenye kosa ni kibaya kuliko kukosa kitabu. Kimya hakimdanganyi mtu.

“Mwalimu,” alisema sasa, “nimekuja kukurudishia daftari. Nimeshindwa.”

Zenaida alivuta kiti akakaa karibu naye. “Umeshindwa nini, mama?”

“Macho. Huu weupe wako unanichoma.”

“Ndiyo maana ya miwani?”

“Nikiivaa sioni herufi. Nikiivua sioni kitu.”

“Jamani, mama. Miezi mitatu unavumilia, husemi?” Zenaida alishika kichwa. “Weupe si lazima. Programu hii unaibadilisha rangi utakavyo.”

Alibonyeza mara mbili. Ukurasa ukawa mweusi, herufi za kijani kibichi kikali. Eleuteria alivua miwani, akatazama, akafumba. Kila herufi ilikuwa imevaa taji la mwanga, zimesongamana kama nondo kwenye taa.

“Hii nayo ni jehanamu ya upande wa pili,” alisema.

“Basi tutapika ya kwako.” Zenaida alifungua ukurasa wa mipangilio, akamkuzia maandishi hadi yakawa makubwa kama punje za mahindi. “Hapa pana rangi ya nyuma, hapa rangi ya herufi, hapa rangi ya tarakimu. Kila rangi ina alama sita. Mbili za kwanza nyekundu, mbili za kati kijani, mbili za mwisho buluu. Sifuri mbili, hakuna kitu. Herufi f mbili, imejaa pomoni. Katikati unapanda kutoka sifuri hadi tisa, halafu a mpaka f. Umenipata?”

“Sufuria tatu,” alisema Eleuteria.

“Sufuria tatu. Jaribu.” Akaitwa na mwanafunzi wa nyuma, akainuka.

Eleuteria alifanya ishara ya msalaba na kumwomba Mtakatifu Lusia, mlinzi wa macho, ambaye sikukuu yake ilikuwa Ijumaa. Kisha alifikiri kama mpika rangi. Nyuma alitaka giza, giza zito, lile la sufu iliyochovywa katika kila sufuria mpaka ikakataa kunywa tena. Ukitaka giza, unatia rangi, na ukitaka giza zaidi, unatia zote. Basi alijaza sufuria zote tatu: f, f, f, f, f, f. Akabonyeza.

Weupe ulimlipukia usoni.

“Yesu na Maria!” Alijifunika kwa shali.

“Mama wee, radi imepiga maktaba!” Wulfrano alisema. “Dada, umefanya nini?”

“Nimetia rangi zote! Ilitakiwa iwe nyeusi!”

Zenaida alirudi mbio, akasoma zile alama sita, wala hakucheka. “Mama, kosa ni langu. Nimekwambia tutapika. Hapa hatupiki rangi. Hapa tunawasha taa. Ukiziwasha zote, ndio mchana.”

“Na nikizima zote?”

“Usiku.”

Eleuteria aliishusha shali polepole. Maneno aliyoyasikia kila mkesha wa Pasaka yalimpitia kichwani, lile giza lililokuwa juu ya uso wa vilindi, na sauti ikisema, na iwe nuru. Kumbe Mungu hakuchovya. Miaka yote alikuwa amemwaza Mungu kama mama yake, mikono mpaka viwiko katika sufuria. Kumbe alianza gizani akaongeza kidogo kidogo.

Aliandika sifuri sita. Kioo kikawa shwari kama kisima. Akaongeza buluu, chembe tu, kisha chembe nyingine, na usiku ukasogea kuelekea alfajiri, mpaka akaiona nili ya mama yake, buluu nzito ya mchovyo wa mwisho, ile isiyong'aa. Akaacha hapo. Herufi akazipa weupe wa kondoo asiyeoshwa, wenye udongo kidogo ndani yake. Zilikaa juu ya nili bila taji, bila nondo, kila moja na nafasi yake. Alipumua.

Zikabaki tarakimu. Akazitia nyekundu tupu. Nyekundu na nili ziligombana papo hapo, na tarakimu zikawa zinarukaruka kama mafuta ya moto.

“Sasa utafanyaje?” Wulfrano aliuliza kwa sauti ya chini. Alikuwa amegeuza kiti chake kabisa.

Eleuteria alisogea karibu na kioo. Nyekundu ya mdudu inapokuwa kali, mama yake alifanyaje? Alikamua ndimu, ikafunguka ikawa chungwa. Na ndimu za bonde lile zote ni za kijani. Alihamia sufuria ya kati.

“Mama, hiyo ni kijani,” Zenaida alionya. “Hutaki kijani.”

“Ni ndimu, mwanangu. Wewe tazama.”

Aliongeza kidogo. Nyekundu ikalegea. Akaongeza, na akaongeza. Tarakimu ziligeuka polepole, kama kaa la moto likipulizwa, mpaka zikatulia, chungwa laini kwenye usiku wa buluu.

Zenaida aliinama kuzitazama vizuri.

“Hata mimi nimeziona,” Wulfrano alisema. “Bila miwani. Dada, hebu niazime hizo rangi zako.”

“Nikikuazima, utanirudishia nini?”

“Nitapaka chokaa jiko lako.”

“Chokaa! Wewe unataka kuniua!”

Safari hii alicheka naye. Kisha alifungua pishi la nyekundu. Aliteremka mstari kwa mstari bila haraka, kama anayehesabu rozari. Maji. Shabu ya kushikisha rangi. Wadudu waliosagwa. Na pale, katikati ya maneno ya rangi ya sufu, tarakimu ya chungwa ilikuwa inawaka peke yake, 2, kama dirisha moja lenye taa ng'ambo ya bonde. Mbele yake palikuwa na nafasi tupu, na safari hii aliiona.

Alisogeza kidole, akaandika 1.

Alisoma kwa sauti: ndimu kumi na mbili. Halafu aliikunja ile miwani nyeusi akaitia mfukoni mwa aproni, akavuta kibodi karibu, na akaanza pishi la tano, la manjano ya maua ya mlimani, ambalo linahitaji maji ya mvua.