Ekari za Waliokesha

Yule karani, jina lake Sikujua, ni binti wa majivuno, na mimi nikiona mtu wa majivuno hata chakula hakishuki. Nalisema mapema, asije mtu akadai namsifu kwa kuwa tunapendana. Hatupendani. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ilikuwa mwaka uliofuata mafuriko ya Elnino. Mto ulituachia tope jema, mahindi na mpunga wa kijiji chetu cha Mloka ukasimama hata wageni wakawa wanasimama kuutazama. Tembo nao wakapata habari. Ruksa ya biashara ilikuwa imeshaingia kila kona, mitumba, redio za betri, biskuti za nje, lakini bunduki ya kufukuzia tembo haikuuzwa gengeni. Sisi silaha yetu ni dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, unakesha humo unapiga debe na kupayuka mpaka kunakucha.

Mdogo wangu Mwamvua alikuwa mjane wa dungu. Msimu wa nyuma mumewe, Hashimu, alishuka na debe lake kumfukuza tembo, na tembo hakuondoka. Tulimzika kesho yake. Tangu hapo Mwamvua akabaki na watoto watatu, shamba la ekari nne, na shemeji mmoja aliyekuwa akimwambia kila Ijumaa, "Shamba asiyelilinda, aliachie."

Basi tukasikia kwamba bwana nyama wa Kibiti, ofisa wa wanyamapori, Bwana Abdulswamadu, ana askari mmoja wa bunduki wa kumweka kijijini msimu mzima. Vijiji viwili tunamgombea, sisi na wenzetu wa ng'ambo ya mto. Bwana nyama hakuwa mtu mbaya, ila alishachoka kudanganywa. Alisema, "Nikipeleka bunduki kwa watu wanaolala majumbani, itamlinda nani? Nionyesheni waliokesha wameliwa kiasi gani."

Ndipo akaja huyo Sikujua, mtoto wa Mchukwi, karani wa ofisi ya mradi wa kilimo pale Kibiti. Akapita shamba kwa shamba na miwani yake ya jua, anauliza mambo mawili tu: ekari ngapi zimeliwa, na usiku ule ulikuwa dunguni, ndiyo au hapana. Akamaliza, akatuambia mimi na Mwamvua tumfuate Kibiti tukawe mashahidi wa kijiji. Njia nzima ndani ya lori alikuwa akijisifu. "Mama Mwajabu, kazi ya wanaume watano wiki nzima, mimi naifanya kabla chai haijapoa." Nikamwambia anyamaze, vumbi litamwingia mdomoni.

Ofisini, Bwana Abdulswamadu alikaa upande mmoja, sisi upande wa pili, kompyuta katikati. Majina yetu yote yalikuwa yameshuka kwenye kioo, safu ya ekari kando yake, safu ya dungu kando ya hiyo.

"Tazameni," Sikujua akasema. "Sitaki ekari zote. Nataka za waliokesha peke yake. Kwa hiyo naiambia mambo matatu. Itazame wapi: safu ya dungu. Itafute nini: ndiyo. Ikishaipata, ijumlishe nini: ekari za mtu huyo. Asiye na ndiyo, imruke."

Akaandika alama ya sawasawa na herufi zake za Kizungu, akabonyeza. Sitini na nne! Loh! Sikuona kidole kikihesabu wala mdomo ukinong'ona. Majivuno yake yote nikayasamehe kwa muda.

"Sasa waliokuwa hapana," akasema bwana nyama.

Sikujua akabadilisha neno moja, akabonyeza. Sifuri.

Bwana Abdulswamadu akacheka, tena kicheko cha kuudhi. "Mloka nzima! Hakuna aliyeuguliwa, hakuna aliyekwenda msibani, hakuna aliyepitiwa na usingizi! Mama zangu, njia ya mwongo ni fupi." Akachukua kofia yake.

Uso uliniwaka. Kwetu mtu aliyekimbia dungu ataimbwa kwenye kila ngoma mpaka anazeeka, sasa nani angejibu hapana? Nikamgeukia Sikujua kwa hasira, "Na hiyo fomula yako nayo imeshindwa kuwajua waongo?"

"Fomula haina ubaya, mama. Inajumlisha ilichoambiwa."

Hapo Mwamvua akasimama. Nikamshika kanga, akaniponyoka. "Mimi niandike hapana," akasema. "Jua likizama nawachukua wanangu narudi nao nyumbani. Dunguni silali tena, dada, siwezi. Ekari zangu zote nne zimeliwa nikiwa nimelala, na shemeji anataka shamba nimwachie."

Sikujua akaenda kwenye jina la Mwamvua, akafuta ndiyo, akaandika hapana. Na wallahi sikumwona akigusa kwingine, lakini sitini na nne yenyewe ikawa sitini, na sifuri ikawa nne. Bwana nyama akairudisha kofia mezani. "Hii naanza kuiamini," akasema. "Kaulizeni upya. Nawapa wiki."

Tukarudi. Safari hii Mwamvua alitangulia mbele ya Sikujua, na kila shamba alianza yeye: "Mimi sikuwepo. Wewe je?" Wapo waliomcheka. Shemeji yake alimtukana mbele za watu na kumtaka arudi dunguni na watoto, la sivyo shamba atamkabidhi yeye. Lakini mwanamke akishajivua nguo ya aibu mwenyewe, utamvua nini tena? Wanaume wakainamisha vichwa, wakaanza kusema. Huyu alikuwa Salale kwa mkwewe. Huyu alilewa. Huyu aliogopa, basi.

Wiki ilipotimia tukawa tena mbele ya kile kioo. Sikujua akaingiza majibu mapya, akabonyeza. Ndiyo, arobaini na moja. Hapana, ishirini na tatu.

"Arobaini na moja," bwana nyama akasema polepole, "na watu wako macho, wanapiga madebe?"

"Wako macho," nikasema. "Tembo anakula, anakusikiliza."

"Askari anakwenda Mloka." Nilitaka kupiga kigelegele, akaninyooshea kidole. "Ila nina sharti. Bunduki moja haitoshi mashamba yote. Hawa wa ishirini na tatu nao warudi madunguni."

Mwamvua aliitazama sakafu, na mimi ninayemjua tangu anatambaa nikajua kwamba keshaanza kuwapanga watoto: nani atalala upande wa ngazi kule dunguni.

"Bwana mkubwa, naomba jumla moja zaidi," Sikujua akasema. Hakungoja ruhusa, kiburi chake kile kile. Akafungua safu mpya. "Mama Mwajabu, nitajie waliouawa na tembo misimu hii miwili, na walipokuwa."

Nikamtajia. Hashimu, dunguni. Mzee Sadala, dunguni. Kijana wa Johari, dunguni. Kila mmoja akamwandikia moja, na kando yake ndiyo. Wengine wote akawawekea sifuri.

Akabonyeza. Ndiyo, tatu.

Akabonyeza tena. Hapana, sifuri: aliyelala nyumbani hajauawa hata mmoja.

Bwana Abdulswamadu akaangalia kile kioo, akavuta karatasi. Hakuuliza kama ni kweli, na safari hii hakucheka. "Wasirudi," akasema. "Nitaliandika hilo kwa mkono wangu, huyo shemeji asomewe barazani. Shamba lisiguswe."

Nami nikamtazama yule binti na miwani yake kichwani, mjeuri, mwenye maneno, nikasema moyoni, Mungu akuzidishie, hata majivuno akuzidishie. Mwamvua akasogea mezani. Akaweka kidole juu ya ile sifuri, taratibu, kama anayegusa paji la uso la mtoto aliyelala.

"Dada," akaniambia, "wanangu wamo humu."