Samaki Pia Ni Mboga

Mimi sisahau. Waliofanya kazi nami kwenye kampuni ya samaki, ufuko wa ziwa hapa Nchelenge, wanalijua hilo. Nakumbuka jina la meneja aliyetufanyisha kazi Jumapili tatu mfululizo kwa sababu barafu iliyeyuka, kana kwamba jua tulilileta sisi. Nakumbuka kampuni ilipouzwa kwa watu wa Ndola, na nakumbuka nani kati yetu alipiga makofi. Shule niliiacha darasa la saba. Kiingereza cha sheria nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia chumvi, na kila aliyeonewa alikuja kwangu nimwandikie. Ndiyo maana mwaka wa 1997 nilikuwa na barua ya mwisho ya onyo: Bwembya, ukiandika tena kwa ajili ya mfanyakazi mwingine, unatoka siku hiyo hiyo.

Emilienne alikuwa mpasuaji wa samaki, meza ya pili, karibu na dirisha. Alikuwa mjane kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alimpasua makobo, samaki wetu mpana, kwa mikato mitatu, na mdomo wake ulikuwa mkali kama kisu chake. Siku moja msimamizi wetu, Rodwell, alimwambia aharakishe.

"Ba Rodwell," akamjibu kwa heshima zote, "samaki huyu amekwisha kufa. Unamukimbiza aende wapi?"

Tulicheka mpaka visu vikasimama.

Kila jioni Rodwell alimpa kila mpasuaji samaki wawili wa kula nyumbani. Ilikuwa hivyo tangu zamani. Watu wa Ndola hawakuivunja desturi hiyo, ila waliweka sharti moja: ukifika getini, mwambie mlinzi umebeba nini. Anayedanganya ni mwizi.

Mwezi wa sita akaja mlinzi mpya, Ackson, kutoka Kabwe. Kiswahili hakujua hata cha salamu. Alimwuliza Emilienne kwa Kiingereza na kwa kidole amebeba nini, naye akajibu, "Mboga." Ackson akafungua kitambaa, akaona makobo wawili, akaandika kwenye ripoti yake: mwanamke alisema neno nisilolielewa. Basi. Kesi ingekufa hapo hapo.

Lakini ofisi ilitaka maelezo ya Emilienne mwenyewe, kwa Kiingereza, naye akaja kwangu.

Niliandika kwa siri, nyumbani kwangu. Kiswahili changu nacho ni cha kujifundisha: nusu nilikiokota kwa wafanyabiashara wa Kongo, wanaosema njo badala ya ndiyo, nusu nilikitoa kwenye kamusi iliyotoka Dar es Salaam, kamusi niliyojivunia kuliko baiskeli. Yeye alieleza, mimi nikaandika. Alipofika kwenye neno lile, masikio yangu yalijua. Sisi kwa Kibemba tunasema umunani, chochote kinachoshuka na ugali, ule Wakongo wanaouita bukari, kiwe jani, kiwe nyama, kiwe samaki, na mboga ya Wakongo ni hivyo hivyo. Lakini nilitaka usomi wangu uonekane. Nikafungua kamusi. Mboga: vegetables. Majani, kabichi, mchicha. Nikaandika kwamba alimwambia mlinzi amebeba majani ya kupika.

Emilienne akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, akaipeleka karatasi mwenyewe. Karani akaipiga chapa bila kuuliza imetoka kwa nani. Kabla ya wiki kwisha akafukuzwa: alitaja majani, akabeba samaki. Mwizi. Kanisani wakamwomba akae pembeni ya kwaya kwanza, mpaka mambo yaeleweke. Kwaya ile ndiyo iliyokuwa ikimfuata yeye sauti.

Akakata rufaa. Rufaa yenyewe ilikuwa fomu ya mstari mmoja. Mimi nilitayarisha hotuba. Nilitia ndani kila dhuluma ya ufuko huu tangu nikiwa kijana, kwa tarehe. Siku moja kabla ya kusikilizwa, adhuhuri, nilikwenda kwake Kashikishi kumsomea yale maelezo ya kwanza, asije akajikanganya. Alikuwa akigeuza chisense juani, vile visamaki vyembamba kama sindano. Nikawa nasoma na kutafsiri.

"Ngoja," alisema. "Majani gani?"

"Yale uliyosema getini. Mboga."

"Ba Bwembya! Mi nilisema mboga. Samaki njo mboga. Nani anakulaka bukari na majani tu siku zote, mbuzi?"

Alicheka. Kisha akauona uso wangu, akaacha.

"Ni wewe uliandika," alisema polepole.

"Ni mimi. Kesho nitawaambia."

"Utasema?"

"Nitasema."

Akaingia ndani, akaniletea maji, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa na magamba ya chisense, inang'aa.

Aliyesikiliza rufaa alikuwa Bwana Mathews, mtu wa Ndola. Emilienne aliruhusiwa kuja na mwenzake mmoja wa kumtafsiria, na kutafsiri si kuandika, kwa hiyo nilikaa pale kihalali. Mathews hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniuma mpaka leo. Mtu mbaya ningejua la kumfanya. Hotuba yangu aliisikiliza hadi mwisho. Nilipofika kwenye neno mboga akainua kichwa.

"Kama umunani?"

"Kama umunani, bwana."

Akaisoma tena karatasi. "Kama ni hivyo, mama huyu hakuiba kitu. Lakini hapa pana sahihi yake, na siwezi kuifuta kwa sababu mkalimani ananiambia habari nyingine leo. Aje aliyeandika, akiri mbele yangu kwamba alikosea, na mama anarudi mezani kwake kesho asubuhi. Mwulize nani alimwandikia."

Aliniambia mimi nimwulize.

Nilijua barua yangu ya onyo imelala katika kabati lipi, mgongoni kwake. Niliwaona watoto wangu watano, mmoja mmoja, hadi yule mdogo aliyekuwa na surua. Mdomo huu umewahi kusimama juu ya pipa mbele ya watu mia mbili. Siku ile ulifunguka ukatoa swali tu.

"Anauliza nani alikuandikia."

Emilienne aliniangalia. Hakuwa na haraka. Alinipa muda, naapa, muda wa kupasua samaki wawili na kuwaosha. Mathews alizungusha kalamu. Mimi nikaangalia kucha zangu. Ndipo akamgeukia Mathews.

"Sikumbuki," alisema. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Bon, ba Bwembya. Sasa tafsiri muzuri."

Nikatafsiri vizuri. Sikukosea neno.

Mathews alifunga faili, akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Tulitoka pamoja. Getini Ackson hakuwa na cha kukagua. Tulipofika barabarani nikamwuliza kwa nini, na hata swali hilo nililiuliza kama mtu anayenong'ona.

"Uko na batoto batano," alisema. "Na we njo unasemea bengine. Ukitoka, nani atasema?"

Hakulisema kwa kejeli. Angenitemea mate, ningepata usingizi.

Kuanzia Nchelenge hadi Mununga hapakuwa na meza ya kumpokea mwizi, kwa hiyo wiki iliyofuata alivuka ziwa kurudi kwao. Mwaka uliofuata kampuni ilifungwa na sote tukatoka, mimi pamoja na ulimi wangu. Vita ya Kongo ilipofika Pweto, watu wakavuka kuja kwetu kwa mamia. Nilisimama ufukweni, boti baada ya boti, nikiuliza: mwanamke wa makamo, mpasuaji wa samaki, anaimba? Wengi walitikisa kichwa tu. Mmoja aliniuliza, "Alikuwa nani wako?" Nikaigeukia boti iliyofuata.

Kamusi bado ninayo. Kando ya neno lile nimeandika kwa wino: samaki pia. Chini yake, kwa herufi kubwa: Emilienne hakuiba, maelezo yale niliyaandika mimi, Bwembya. Nimetia sahihi na tarehe. Tarehe niliyoweka ni ya siku ile ya rufaa, na hiyo nayo ni uongo.