Fremu ya Kwenye Belo la Masweta

Agness alikata kamba za belo kwa kisu cha kumenyea ndizi, akaanza kutoa masweta ya watoto na kuyatupia kwenye turubai. Ilikuwa siku ya soko Kiboriloni, vumbi limeshaamka, na mdogo wake Remigius ndiyo kwanza alikuwa anashusha mikungu ya ndizi kutoka kwenye baiskeli yake kuukuu ya Phoenix. Katikati ya masweta, pale ambapo wenzake hukuta viatu vya mguu mmoja, Agness alikuta fremu ya baiskeli, nyeusi, ikiwa na uma wake wa mbele na haina kingine chochote. Aliinyanyua kwa kidole. Akamwambia mdogo wake aichukue tu, maana hapo sokoni hakuna mtoto ambaye angeivaa.

Remigius aliigonga kwa ukucha. Haikulia kama chuma wala bomba la maji. Alikuwa fundi baiskeli tangu amalize darasa la saba, lakini fremu ya kaboni alikuwa ameiona kwenye gazeti tu, tena gazeti lililofungiwa sabuni. Alipanda nayo hadi kwao Kilema ameivaa begani, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake.

Hapo yafaa ieleweke jambo moja. Remigius alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi ya huko nyumba ya baba pamoja na kihamba chake, yaani migomba, mibuni na makaburi, humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho, ambaye hubaki na wazazi mpaka awazike. Kaka mkubwa, Fredy, alikuwa Dar es Salaam na gari lake. Agness aliolewa Uru, akapigwa, akarudi. Fredy akatamka kwamba binti aliyekwisha kutolewa mahari hana shamba la kurudia, ila kuja kusalimia anakaribishwa. Ndiyo maana alipanga chumba Kiboriloni na kuuza mitumba. Kila Jumamosi alipanda kwenda kupogoa migomba ya mama yao, akijua upi umechoka na upi uachiwe chipukizi, huku Remigius, mwenye mali, akiitazama migomba hiyo hiyo kama mtu anavyotazama ukuta. Hakuipenda ardhi hata kidogo. Alipenda vitu vinavyozunguka.

Kuijenga baiskeli kulichukua sehemu kubwa ya mwaka, mwaka ule bei ya kahawa ilipoporomoka na watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Magurudumu yalitoka kwa masista wa misheni, kwenye baiskeli ya padre mmoja aliyekuwa akishindana ujanani kwao Ulaya, kisha akaja kufia Kilema. Usukani uliojikunja kama pembe za kondoo Agness aliukuta kwenye belo lingine, umeviringishiwa pazia. Mnyororo na pedali vilitoka kwa mpagazi wa Marangu, naye alikuwa ameachiwa na mgeni. Tairi nyembamba zilitoka Taveta ndani ya gunia la mahindi. Mara ya kwanza Remigius alikaza bolti kwa nguvu alizozoea kukazia Phoenix, fremu ikatoa mlio mdogo, na roho ikamruka. Tangu siku hiyo alikaza kwa ncha za vidole, amebana pumzi. Nguzo ya siti ilipwaya kwenye tundu lake, akaizungushia gomba kavu la mgomba, kama wanavyofanya wengi huko kitu kikipwaya. Jumamosi, akimaliza shambani, Agness alimshikia gurudumu na kuzipiga spoki kwa kucha ili asikie ipi imelegea. Haikupita muda sikio lake likawa kali kuliko la mdogo wake.

Ilipokamilika, mama yao, Ester, aliinyanyua kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na mwiko. Akasema ni nyepesi kuliko sufuria ya mtori, akarudi jikoni.

Remigius alishuka nayo Kiboriloni kumpelekea dada yake maziwa, na hapo Filemon akaiona. Filemon alikuwa na kampuni ndogo Arusha ya kuwatembeza watalii kwa baiskeli. Aliomba kuipanda, akazunguka nayo soko zima, akashuka akiuliza imekusanywa na nani. Kisha akasema anatafuta fundi mwenye mkono kama huo, aje kabla ya Mwaka Mpya, na chumba cha kulala kipo. Remigius aliitikia kwa sauti ndogo sana, kwa sababu alitaka kupiga kelele. Maisha yake yote alikuwa akingoja mtu amwambie njoo.

Jumatatu aliaga. Akapita misheni, akavuka daraja, akafika lami na kukata kulia. Kiboriloni ikabaki nyuma, Moshi mjini ikabaki nyuma, akaanza kuimba. Akiwa anaikaribia Boma Ng'ombe alikata kona moja ya kawaida, akaona migomba, akauona mfereji, akamwona mama yake akianika maharage uani. Alikuwa ameshaingia kwao. Ester alimwambia uji bado ni wa moto.

Jumanne alijaribu upande wa pili, kupitia Rombo. Alifika Mkuu salama, akapita ofisi za wilaya, akapita soko, na baada ya soko barabara ikashuka ndani ya mibuni ya marehemu baba yake. Jumatano aliiacha baiskeli akapanda basi la Arusha. Konda alimshushia uani kwao. Abiria walisubiri bila kunung'unika mpaka begi lake likapatikana, kisha basi likageuza kwa taabu kwenye njia ya ng'ombe na kuendelea na safari.

Jirani mmoja akasema kosa ni lile gomba: mtu anafungaje baiskeli kwa mgomba wa nyumbani halafu anategemea kufika mbali? Lilikuwa neno la maana. Remigius alilitoa, akakata kopo la soda na kuweka bati lake badala yake. Safari iliyofuata alirudi mapema zaidi. Akienda kuuza ndizi au kupeleka maziwa, barabara ilimpeleka na kumrudisha kama watu wengine. Ilimgeuza pale tu alipoondoka kwa ajili yake mwenyewe. Na kilichomuuma zaidi ni wepesi wa baiskeli. Kwa Phoenix angalau angepata siku nzima ya kudhani ameondoka, lakini hii ilimfikisha nyumbani chai haijapoa.

"Baba yako naye," mama yake alimwambia, akiendelea kuchambua maharage. "Alipanda treni ya Tanga, tumeoana juzi tu. Akashukia hapo kwenye mfereji, tiketi anayo mkononi. Hakujaribu tena."

"Na hukuniambia, mama."

"Ningekuambia ili iweje?"

Remigius aliwaza siku nyingi, akafikia kwamba barabara haina ubaya naye. Ilikuwa inamrudisha mwenye kihamba. Kihamba kikiwa na mwenyewe mwingine, yeye atapita. Jumamosi alimfuata Agness migombani na kumweleza. Dada yake aliacha kupogoa, panga likabaki hewani. Kitovu chake kilizikwa chini ya mgomba wa pili kutoka mlangoni, hatua chache tu kutoka cha Remigius, na hakuna kitu duniani alichokitamani kama kuamka asubuhi ndani ya shamba lile na kujua hakuna wa kumtoa.

"Usinitanie kwa hilo," alisema.

"Sikutanii, dada."

Krismasi ilifika, na kama kila Krismasi, Wachagga wa mijini wakapanda mlimani na magari yao. Fredy alikuja na mke, watoto na kreti za soda. Mbuzi akachinjwa, mbege ikamiminwa, wazee wa ukoo wakakaa kwenye viti vya mbele. Hapo Remigius alikwenda mpakani mwa shamba, akakata jani la sale, akalifunga fundo. Huko kwao mtu akikuletea sale hafukuzwi mikono mitupu. Hata aliyemwaga damu, akiingia na sale, husikilizwa. Alipiga goti mbele ya Fredy.

"Shikamoo kaka. Nimekuja na sale. Kihamba apewe dada Agness. Mimi niacheni niende."

Fredy alilipokea kwa mikono miwili. Habari za barabara alikuwa ameshasimuliwa na hakuzibishia. Alisema za treni ya baba pia aliwahi kuzisikia, na kwamba yeye kama mkubwa hajawahi kupata shida hiyo, husafiri vizuri tu. Kisha akasimama, jani likiwa mkononi.

"Mdogo wangu ameleta sale," aliwaambia wazee. "Siwezi kulikataa. Nimemsamehe."

Watu wakapiga makofi. Remigius, angali amepiga goti, alisema hakuomba msamaha, hakuna alichokosa, aliomba kihamba apewe dada. Mzee mmoja akamwelewesha kwa upole kwamba sale ni la msamaha na halina kazi nyingine. Ameleta sale, amepata kinachotolewa kwa sale, ashukuru. Fredy akaongeza kwamba hiyo barabara nayo ni jambo la heri, kwani hata wakiwa mbali watalala usingizi wakijua nyumba ya baba haiwezi kukosa mwanamume. Kibuyu kikazunguka. Agness alikuwa jikoni akigeuza ndizi, mlango uko wazi, na kila neno lilimfikia. Hakuna aliyekwenda kumuuliza chochote. Alizigeuza zote mpaka zikaiva.

Magari yaliposhuka, Remigius aliishusha siti mpaka ikalingana na miguu ya dada yake, akamsogezea baiskeli. Filemon anangoja fundi, alimwambia, na mikono yako inajua.

"Mimi nataka kulima, Remi."

"Najua."

Agness alikwenda. Masweta yalikuwa hayanunuliki, na chumba cha Kiboriloni kilikuwa kinavuja. Jioni alipiga simu kwa jirani mwenye simu ya mkononi, jirani akaipeleka uani. Remigius aliuliza kama amefika. Alikuwa amefika, na Filemon alikuwa ameshampa gurudumu la kunyoosha.

"Kila kona nilipunguza mwendo," Agness alisema. "Nasema labda ni hii, labda nitaona migomba. Barabara imeninyookea mpaka Arusha."

Simu ikakatika. Remigius aliirudisha kwa mwenyewe, akachukua panga, akaingia shambani kupogoa, kwa kuwa sasa hapakuwa na mwingine wa kupogoa. Mgomba wa kwanza aliouangusha ulikuwa karibu kutoa mkungu.