Shina Kwanza

Mzee Masinde alikuwa amebakiza siku tatu kazini, na namba iliyokuwa ikimfukuza iliandikwa kwa mkono wa Selpher.

Ilikuwa miaka ile ya sukari, Kakamega ilipong'oa mahindi ikapanda miwa, na hata nyuma ya choo mtu hakukosa mashina mawili matatu. Kiwanda kilikuwa kimefunga mtelezo mpya wa chuma, ili miwa ikitoka kwenye trela iteremke yenyewe hadi kwenye visu. Haikuteremka. Ilikwama katikati, na Masinde, aliyewekwa kuusimamia mtelezo huo, alishinda akiisukuma kwa mti mrefu mpaka viganja vikachubuka. Injinia Kipkemboi alirudia hesabu zake, akaona hazina dosari, akaamua kwamba mwenye dosari ni mzee. Hesabu haichoki wala haizeeki. Masinde alikuwa amefanya yote mawili. Ijumaa angepewa barua.

Hesabu zenyewe zilisimama juu ya namba moja, na aliyeipima ni Selpher, msichana wa maabara. Alilaza muwa juu ya kipande cha chuma kile kile, akakiinua upande mmoja polepole mpaka muwa ukaanza kuteleza, kisha akasoma pembe. Digrii ishirini na moja. Alipima mara sitini, na mara zote sitini hazikupishana hata kwa digrii mbili. Kwa hiyo mtelezo ukajengwa kwa digrii ishirini na saba, ziada ya digrii sita. Selpher aliipenda namba yake, na usimcheke; ilikuwa mara ya kwanza watu wazima kujenga kitu kwa neno lake.

Jumatano asubuhi Masinde alibisha mlango wa maabara, kofia mkononi.

"Mwanangu, sikuja kugombana," alisema. "Nataka tu nione hiyo miwa yako inayotelezanga. Yangu inakataa."

Selpher aliona haya, kisha akaona hasira kidogo, kwa maana haya haipendi kukaa peke yake. Akamwambia alete muwa wake mwenyewe, kutoka pale pale ulipokwama. Mzee akarudi nao, majani makavu yakiwa bado yameshikilia pingili, akaulaza juu ya chuma vile alivyouona ukishuka kila siku: ncha ikitangulia chini.

Mkono wa Selpher ukaenda wenyewe kuugeuza.

Kisha akauzuia mkono. Kwani nani alimwambia augeuze? Hakuna kitabu kilichosema hivyo. Ni mama yake, Awinja, mkataji miwa, aliyemchapa akiwa na miaka saba kwa kuvuta muwa kwa ncha. Muwa hushikwa kwa shina, huvutwa kwa shina, hulazwa shina kwanza. Wakataji wote walifanya hivyo. Waliiingiza miwa kwenye trela shina likitangulia, ndiyo sababu kiwandani, ikimwagwa kwa nyuma ya trela, ilitoka ncha ikitangulia. Na Selpher, mara zote sitini, alikuwa ameulaza muwa shina likielekea chini, bila kufikiri.

Aliuacha ulivyo, akainua chuma. Kwenye ishirini na moja, muwa ulitulia. Kwenye ishirini na saba, ukatulia bado. Majani yalikuwa yamesimama yakikwaruza chuma, kama manyoya ya paka yakipapaswa kinyume. Uliteleza kwenye thelathini na nne.

Masinde hakujua kusoma pembe. Kunyamaza kungekuwa rahisi, na Selpher aliogopa kweli kweli. Akachukua daftari lake na ule muwa, akamwambia, "Twende kwa injinia, mzee."

Kipkemboi alisikiliza hadi mwisho. Alipitisha kiganja juu ya muwa kwenda mbele, halafu akakirudisha nyuma, akasita.

"Mimi nimeuandikia msuguano mmoja," alisema, "kumbe una miwili, kulingana na unakoelekea. Lakini mara sitini, Selpher? Hukuulaza kinyume hata mara moja?"

"Ningechapwa, Bwana Injinia."

Alicheka bila kutaka. Selpher akauliza kama wakataji waambiwe wageuze miwa.

"Wakataji mia tatu? Afadhali nipandishe chuma."

Ijumaa ilipita bila barua. Mtelezo uliinuliwa hadi digrii arobaini, na Masinde akauegemeza mti wake ukutani, akakaa kuitazama miwa ikishuka.

Jioni hiyo, wakila obusuma, ugali wa kwao, na mboga, Selpher alimsimulia mama yake yote. Awinja alitafuna bila haraka.

"Hilo nalijua," alisema. "Ukivuta kwa shina, majani yanalala. Ukivuta kwa ncha yanasimama, yanakata. Siku ile ulikuja mkono umejaa damu. Niliogopa, ndiyo nikakuchapa."

"Mbona hukuniambia sababu, mama?"

"Ulikuwa unalia. Na tangu hapo ukawa unafanya vizuri, nikaona umeelewa."

Selpher alijisikia mjinga, na alijisikia kupendwa, yote kwa pamoja. Alinawa, akakisogeza kiganja karibu na taa. Makovu yalikuwa bado yapo, membamba, meupe, yote yakielekea upande mmoja.