Koti la Luteni Stubbs

Luteni Harlan Stubbs alihamishiwa Miami kutoka Minnesota, huko ambako mtu havuki kizingiti bila koti, akaja na akili zake zote. Hazikuwa mzigo mzito. Wiki yake ya kwanza alimkabidhi fundi wa kituo cha polisi shotigani nne, akaamuru zikatwe mtutu, zikatwe na kitako, zibaki fupi kama mchi. Zikatiwa mkanda wa begani ili zining'inie kwapani, na juu yake livaliwe koti refu la mvua, vifungo mpaka kooni.

"Siri, mabwana," alisema. "Adui asijue tumebeba nini."

Ilikuwa Agosti. Rolo Betancourt, mpelelezi aliyezaliwa Havana na kukulia Barabara ya Nane, mtaa wa Wacuba wa Miami, aliuliza kwa adabu zote kama vifungo vingeachwa wazi, maana mtu akivamiwa hatapata nafasi ya kujivua nguo kwanza.

"Ikionekana, siri iko wapi?" Stubbs alifoka. "Nikimkuta mtu hana koti, namvua beji!"

Haya. Siri ikaanza kazi. Kesho yake tu wanywa kahawa waliosimama kwenye dirisha la mkahawa walikuwa wanampigia Rolo kelele: "Afande! Theluji imeanguka wapi leo?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, mwenzenu anaatamia mayai!"

Ingekuwa mzaha mtupu kama si Eneida Quiñones. Bibi huyu mwoka keki alikuwa amesimama dirishani mwa duka lake siku mtoto wa mzee Falcón, mkuu wa genge la mtaa, alipompiga risasi muuza viatu. Mashahidi walikuwa watatu. Wa kwanza alipatwa na usahaulifu wa ghafla, wa pili akaokotwa mferejini. Akabaki Eneida, na kesi ilikuwa Jumatatu. Rolo ndiye aliyepewa kumlinda. Keki za bibi huyu alizila tangu utotoni, na alimpenda kama mama mzazi.

Jumapili Rolo alikuwa jikoni kwa Eneida, kavaa koti, anachuruzika.

"Vua hilo dude, mwanangu. Jasho lako linaingia kwenye unga."

"Siwezi, mama. Ni siri."

"Siri!" Eneida alipiga makofi ya mshangao. "Hebu chungulia pale ng'ambo. Unaiona gari ya kijani? Yule jamaa yupo tangu Ijumaa. Koti likija, anakaa. Koti likitoka, anawasha gari alifuate. Mimi hata hanitupii jicho. Kwani anahangaika nini, na wewe upo wa kumwonyesha nilipo?"

Rolo alichungulia, akahisi baridi ndani ya koti lile kwa mara ya kwanza. Lo! Siku zote hizo alikuwa anawatembeza wauaji kama mtu anayeonyesha wageni nyumba ya kupanga.

"Sasa tufanyeje, mama?"

Eneida alishusha rafuni boksi kubwa la keki. Mtaani kwao binti akitimiza miaka kumi na mitano ni harusi ndogo. Maboksi hupita barabarani wiki nzima na hakuna anayegeuza shingo.

Jumatatu asubuhi Stubbs na askari wake wawili wa makoti walijipanga kwenye ngazi za mahakama, wamefungwa mpaka kooni, wekundu kama kamba waliochemshwa, wakisubiri gari la shahidi. Rolo hakuwa amemwambia kitu. Alikuja kwa miguu, kavaa shati jeupe la kuachia nje, boksi lenye utepe wa waridi mikononi, na mkono wake wa kulia umepenya tundu lililokatwa chini. Eneida alikuwa pembeni, kavaa gauni la kanisani, anamkaripia njia nzima.

"Usiliinamishe! Maua yatalala!"

Mlangoni alisimama jamaa wa gari ya kijani, koti la suti limekunjwa juu ya mkono wake, macho yote kwa Stubbs. Rolo alikishika kifyatulio ndani ya boksi. Jamaa akageuka, akamwona mama mtu mzima na keki. Muuaji ni kweli, lakini naye alilelewa. Akauvuta mlango.

"Pita, mama. Ya nani hiyo?"

"Ya mjukuu wangu. Katimiza kumi na mitano."

"Mungu amkuze."

"Amina, mwanangu," alisema Eneida, akaingia.

Alisema yote mbele ya jaji, bila kutetemeka. Nje, Stubbs alizidiwa na joto akaanguka kifudifudi. Siri ikachomoka chini ya koti, ikateremka ngazi moja moja mpaka miguuni pa waandishi wa habari. Jamaa wa mlangoni akatimua mbio, na wenzake Stubbs walipofikia kifungo cha pili ili wachomoe zao, gari ya kijani ilishatokomea.

Mtoto wa Falcón alipata kifungo cha maisha. Stubbs alipata nishani, kwa kuanguka kazini. Rolo aliitwa na Stubbs ajieleze kwa nini hakuvaa koti.

"Na silaha uliificha wapi?"

"Kwenye boksi la keki, afande."

"Mchana kweupe! Si kila mtu angeliona?"

"Waliliona wote, afande," alisema Rolo. "Mmoja alitufungulia mlango."